Mheshimiwa anasema mchezo wa kuigiza haujengi barabara, nimjibu nini?

Dada mmoja wa Nakuru ameniandikia, na swali lake nimekaa nalo karibu wiki mbili juu sikutaka kulijibu haraka haraka. Anasema wako vijana kumi na wanne, wana kikundi cha maigizo na mashairi, na kwa mkutano wa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti walisimama wakaomba holi ya wodi yao ifunguliwe, manake imepigwa kufuli na ndani imejaa mbao na saruji ya kontrakta. Mheshimiwa akawajibu mbele ya watu: hapa kuna mama amejifungulia njiani sababu ya barabara, na nyinyi mnataka jukwaa la kuchekesha watu, mchezo wa kuigiza haujengi barabara. Watu wakapiga makofi, dada akakaa chini. Ananiuliza: "Mwalimu, kwani fasihi na sanaa ziko na nafasi gani kwa mambo ya umma, ama ni burudani tu na sisi tunajidanganya? Na mkutano ujao nikisimama tena niseme nini?"

Dadangu, pole kwanza kwa yale makofi. Makofi ya majirani yanauma kuliko tusi la mtu usiyemjua. Lakini hebu turudi kwa maneno ya mheshimiwa kabla hatujafika kwa Katiba na hayo mengine, manake jibu lako liko hapo hapo ndani na sidhani yeye mwenyewe aliliona. Alikushinda na nini? Hakutaja kilomita. Hakusoma bei ya murram wala idadi ya wagonjwa wa zahanati. Alisimulia. Aliwachorea mama mjamzito usiku, mvua, tope, bodaboda imekwama, na kila mtu kwa huo mkutano akamwona huyo mama, mmoja akaona dada yake, mwingine mke wake, wakapiga makofi. Hiyo ni hadithi, dadangu, na ilifanya kazi ya umma pale pale, ilihamisha watu kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa sekunde thelathini.

Sasa jiulize, huyo mama mwenyewe alikuwa wapi? Pengine alikuwa nyumbani ananyonyesha, pengine alikuwa hapo nyuma na mtoto mgongoni na hakuna mtu alimpa maiki. Hadithi yake ilisimuliwa na mwenye maiki, na ikakatwa pale ilipomfaa mwenye maiki. Angepewa dakika ishirini labda angesema barabara ilikuwa mbaya ndio, lakini pia alipofika zahanati alipata mlango umefungwa, ama hiyo barabara iliwekwa murram mwaka wa uchaguzi na mvua ya kwanza ikaibeba, ama walioshika taa wakamsaidia usiku huo ni majirani ambao siku zingine hawasalimiani. Hatujui, juu hakusema. Nimefundisha fasihi na maigizo miaka ishirini na sita na hili ndilo jambo moja ninaloweza kukuambia bila wasiwasi: maisha ya umma tayari yanaendeshwa na hadithi, kwa baraza, kwa kampeni, kwa mimbari, kwa redio asubuhi, na swali ni nani anaruhusiwa kusimulia yake hadi mwisho mbele ya watu waliokaa wakasikiza. Nyinyi mliomba mahali pa hiyo kazi. Mkajibiwa kana kwamba mmeomba maputo ya sherehe.

Kwa hivyo nianze na kile usiseme. Usimwambie mheshimiwa kwamba sanaa inaleta ajira na watalii. Si uongo, inaweza kuleta, lakini mimi nimepita hiyo njia. Miaka ya nyuma kwa mji mmoja huku magharibi tuliandika pendekezo refu, lina jedwali za mapato na kila kitu, tukaambiwa vizuri sana asanteni, na mwezi haujaisha tukaitwa tucheze ngoma kukaribisha mgeni kutoka Nairobi, dakika saba, tukapewa soda tukaenda nyumbani. Nilikaa kwa matatu nikirudi Kisumu nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Ukijitetea kwa pesa utapimwa kwa pesa, na kwa hiyo mizani soko la mboga litakushinda kila mwaka, na kusema ukweli ni haki likushinde.

Mimi ni mtu wa Bungoma, Kisumu ni ya ukubwani. Kwetu mzee akifa kuna kitu kinaitwa kuswala kumuse. Baada ya mazishi, siku chache zikipita, watu wanakusanyika nje pale bomani, wanaketi, na mtu mmoja mwenye kipawa hicho, na si kila mtu ako nacho, anasimama na fimbo yake anaanza kutembea mbele yao huku na huku akiongea. Anaeleza ukoo ulitoka wapi, watu walihama vipi, marehemu alikuwa nani. Halafu anawageukia walio hai. Anaongea juu ya wanaogombania shamba kabla udongo wa kaburi haujakauka, juu ya ulevi, juu ya ndugu ambao hawaongei, na anaongea kwa mafumbo na methali na historia mpaka kila mtu anajipata ndani ya maneno bila jina lake kutajwa. Hakuna mtu wa kumkatiza. Mara ya kwanza kuketi kwa kumuse nilikuwa darasa la tano na kitu kilichonishangaza ni kuona chifu ameketi chini kama sisi wengine, kofia iko magotini, anasikiza maneno ambayo kila mtoto pale alijua yanamhusu yeye na uzio aliousogeza. Hakuna mtu angemwambia hayo kwa ofisi yake. Wiki iliyofuata uzio ulirudi. Sijui kama ni kumuse peke yake ilifanya hivyo, lakini mimi mtoto niliunganisha hayo mambo mawili na sijawahi kuyatenganisha tangu siku hiyo.

Angalia kumuse ilikuwa na nini: mahali panapojulikana, muda wa kutosha, na anayesema amelindwa. Ukitoa moja hapo inabaki makelele. Na hii ni kitu wazee wetu waliipanga kama vile walipanga mambo ya maji na malisho, hawakungoja ng'ombe zitosheke kwanza ndio waanze kuongea.

Isukuti, ile ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, vile vile. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka kwa orodha, na watu wetu wakasherehekea kama tuzo, lakini ile orodha ni ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, yaani uko hatarini. Ngoma ya kuzaliwa kwa mtoto, ya harusi, ya mazishi, inatolewa kwa shughuli zake inabaki ya kukaribisha wageni. Dakika saba na soda.

Mtu akikuambia hiyo ni mambo ya zamani mrudishe April 2025, na hapo hauhitaji kwenda mbali, ilikuwa Nakuru yenu. Tamasha la kitaifa la drama la shule lilikuwa Nakuru mwaka huo, na wasichana wa Butere kutoka kaunti ya Kakamega walikuwa na mchezo unaitwa Echoes of War ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Mchezo ukaondolewa mashindanoni, mahakama kuu ikaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza, mwandishi akakamatwa usiku wa kuamkia siku yao, na tarehe 10 asubuhi wale wasichana wakapanda jukwaani pale shule ya Melvin Jones wakaimba wimbo wa taifa wakatoka bila kuigiza. Nje polisi walikuwa wanarushia watu vitoa machozi. Na haikuwa mara ya kwanza kwa hiyo shule, 2013 walikuwa na Shackles of Doom, mwandishi ni huyo huyo, ikapigwa marufuku, kesi ikaenda mahakamani na jaji David Majanja akaagiza iigizwe.

Wako waliosema mwandishi ni mwanasiasa na ana yake. Inawezekana, na kama ana yake, basi yangeonekana jukwaani na watazamaji wangeyakataa, watu wa drama wanajua kunusa hotuba iliyovishwa kanga. Mchezo unahukumiwa ukichezwa. Lakini mimi kila nikikumbuka ile asubuhi nafikiria hesabu ya hao polisi, magari, mafuta, gesi, kuanzia alfajiri, kwa sababu ya watoto wa sekondari na mchezo mmoja wa shule. Serikali haiwezi kutuambia sanaa ni burudani tu halafu itume kikosi kuzuia burudani. Mtu anayelinda mlango anajua kilicho ndani. Hilo unaweza kulisema kwa mkutano na ulisema kwa upole, watu wa Nakuru walinusa hiyo gesi wenyewe.

Na hapa nataka nikae kidogo kwa jambo la mahali, juu nyinyi mmeomba holi na nadhani hamjui mmeomba kitu kikubwa kiasi gani.

Mwaka wa 1977 Kenya ilikuwa na michezo miwili ya kuigiza ambayo kila mwanafunzi wangu lazima aiweke kando kwa kando. Mmoja ni Betrayal in the City wa Francis Imbuga, mtoto wa Maragoli kule Vihiga. Ni mchezo wa kukosoa watawala bila huruma, wafungwa, ufisadi, wasomi waliouawa, lakini nchi yake inaitwa Kafira, ukipangua herufi unapata Afrika, kwa hivyo hakuna mkubwa wa kusimama aseme umenitaja. Mchezo huo uliwakilisha Kenya kwa tamasha kubwa la sanaa za watu weusi kule Lagos mwaka huo huo wa 1977. Mwingine ni Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, uliochezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kuanzia Oktoba. Novemba ukapigwa marufuku, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa nyumbani akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa.

Kwa nini mmoja ulipandishwa ndege na mwandishi wa mwingine akapelekwa gereza la Kamiti? Ukali wa maneno peke yake hautoshi kueleza, Imbuga alikuwa mkali. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Kamĩrĩĩthũ wanakijiji wenyewe, wakulima na vibarua wa viwanda, wengine walikuwa ndio tu wamejifunza kusoma kwa madarasa ya watu wazima, walijadili skripti kwa lugha yao wakaibadilisha, na wakajijengea jukwaa la nje kwa mikono yao. Ilikuwa mali yao. Na sikiza hii: walipojaribu kurudi na mchezo mwingine mwaka wa 1982 wakazuiwa, na mwezi wa tatu polisi wakaja wakalibomoa hilo jukwaa. Mwandishi hakuwa humo ndani, skripti hazikuwa humo ndani. Walibomoa mbao na viti. Yule aliyetoa hiyo amri alielewa jambo ambalo sisi wapenzi wa sanaa tunalisahau tukiomba tu vitabu na tuzo, kwamba watu wakikosa mahali pa kukaa pamoja wakasikiza, hadithi inabaki kwa mdomo wa mwenye maiki.

Ndio maana kufuli ya hiyo holi yenu naichukulia kwa uzito. Sisemi kuna mtu aliifunga kwa njama, mara nyingi ni uzembe na kontrakta anatafuta stoo ya bure. Lakini matokeo ni yale yale.

Kuna kitu kingine nataka kukuambia na hiki nakisema taratibu kwa sababu ni Nakuru. Huko Athens ya Wagiriki wa kale, mwaka wa 472 kabla ya Kristo, Aeschylus alitoa mchezo unaitwa Waajemi. Miaka minane tu kabla ya hapo Waajemi walikuwa wameuchoma mji wa Athens, wakapigwa baharini Salamis, na wengi wa waliokaa kutazama mchezo walikuwa kwa hiyo vita, mwandishi mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa vita vya Waajemi. Na mchezo unaonyesha nini? Nyumbani kwa adui. Mama wa mfalme wa Waajemi anangoja habari za mwanawe, wazee wanataja majina ya waliokufa mmoja mmoja, wanalia. Watu wa Athens walikaa wakamsikiza mama wa adui akilia. Na aliyelipia kwaya ya mchezo huo ni Pericles, kijana wakati huo, ambaye baadaye ndiye alikuja kuwa kiongozi mkubwa wa mji. Ilikuwa ni jukumu la umma, tajiri anapewa kulipia mchezo kama vile mwingine anapewa kulipia meli ya vita. Kwa hiyo mkisikia mwanasiasa akisema kulipia jukwaa ni anasa, iko demokrasia iliyoanza namna hiyo.

Sasa Nakuru. Mwisho wa Januari 2008, kwa zile ghasia za baada ya uchaguzi, kwa siku chache mtaa ulichinja mtaa. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima kwa ule msukosuko. Wewe dadangu ulikuwa mtoto mdogo ama hujazaliwa. Tulipata tume, tukapata ripoti, tukapata kesi kule Hague ambazo zote ziliisha bila hukumu, na nyumba nyingi kila moja ilibaki na hadithi yake ndani ya mlango wake, hawa wanasema sisi ndio tulichinjwa, wale wanasema sisi ndio tulichinjwa, na zote mbili ni kweli. Ripoti haiwezi kunifanya nikamsikia mama wa upande ule. Nimesoma ripoti nyingi, hazina sauti ya mtu akikosa pumzi katikati ya sentensi. Mchezo unaweza, shairi linaweza, hadithi fupi inaweza, kwa sababu kwa saa moja unaacha kujibu na unasikiza. Nakuuliza wewe na kikundi chako, kwa hizo wodi zenu, ni wapi watu walioketi upande ule na upande huu wamewahi kukaa chumba kimoja wakasikiza hiyo wiki ikisimuliwa bila mtu kuomba kura? Kama jibu ni hakuna mahali, basi hiyo ndiyo kazi ya holi.

Na barabara? Barabara ijengwe. Usibishane na barabara hata siku moja, usikubali kuwekwa upande wa pili wa huyo mama.

Kitu kingine, na hapa nawalaumu wasanii wenyewe, nikiwemo. Kwa miaka mingi huku Kisumu na magharibi vikundi vingi vimeishi kwa pesa za mashirika, mchezo wa kunawa mikono, mchezo wa ukimwi, mchezo wa neti za mbu. Kazi nzuri, watu walipona. Lakini tulizoea vibaya. Tulizoea mchezo lazima uishe na mtu anageukia watazamaji anasema kwa hivyo ndugu zangu tusifanye hivi, na watazamaji wakajua kwamba mchezo ni mahali pa kuambiwa. Wakaacha kufikiri wakangoja lesso na sabuni. Ndio maana mheshimiwa akisikia maigizo anafikiria kichekesho na ujumbe mwisho, ameona nini kingine?

Hebu soma kidogo juu ya Augusto Boal wa Brazili, huyu ndiye mtu wako. Alikuwa wa maigizo, serikali ya kijeshi ikamkamata ikamtesa, akakimbilia nje miaka mingi, akarudi. Namna yake ilikuwa hivi: mnaigiza shida ya kweli mpaka pale inapokwama, mtu wenu anashindwa, mnasimamisha. Halafu mnaanza tena na mtazamaji yeyote anaweza kupiga kelele simama, akapanda jukwaani akachukua nafasi ya yule anayeonewa na akajaribu njia yake. Si kusema angefanya nini, ni kufanya, mbele ya yule mwigizaji wa karani mkali ambaye hamlegezei. Mwaka wa 1992 akachaguliwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, yaani kazi ile ile ya MCA wetu, mjumbe wa wodi kwa bunge la kaunti, na kutoka 1993 mpaka 1996 akawa anapeleka hayo maigizo mitaani, watu wanapanda jukwaani wanatafuta njia, wasaidizi wake wanaandika, wanasheria wanageuza kuwa miswada. Sheria 13 zilipita kwa hiyo njia, moja ikihusu madaktari wa wagonjwa wazee kwa hospitali za jiji. Diwani mmoja, muhula mmoja. Kwa hivyo ukiulizwa mchezo umejenga nini, uko na mfano, na ni wa diwani.

Sisi huku hatujakosa mifano ya namna hiyo, ni vile hatuwakumbuki. Grace Ogot wa Asembo aliandika hadithi zake, kwa Kiingereza na kwa Dholuo, na miaka ya 1980 akawa mbunge wa Gem na waziri msaidizi. Mwandishi Asenath Bole Odaga alikaa hapa hapa Kisumu akaanzisha kampuni ya kuchapisha vitabu wakati kila mtu aliamini vitabu hutoka Nairobi. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alipokosana na wakubwa wa kwao alikuja Kisumu kufanya kazi ya chuo kikuu, akaanzisha tamasha la sanaa mjini mwishoni mwa miaka ya 1960. Na Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, riwaya yake Kidagaa Kimemwozea ilisomwa na kila mtahiniwa wa KCSE kwa miaka kadhaa, watoto wakakaa na Mtemi Nasaba Bora, yule mtawala wa riwaya hiyo, darasani wakijadili uongozi mbaya kwa Kiswahili, bila leseni ya mtu. Nimekutana na makondakta wanaomwita mkubwa fulani Nasaba Bora na kila abiria anaelewa.

Haya, sasa karatasi. Mkutano ujao nendeni na karatasi, manake kusimama peke yake kunasahaulika mheshimiwa akimaliza soda.

Kifungu cha 11 cha Katiba kinaitambua tamaduni kama msingi wa taifa na kinaipa serikali jukumu la kuendeleza utamaduni kupitia fasihi, sanaa, sherehe za jadi, maktaba na mengine. Kifungu cha 33 kinataja kabisa uhuru wa ubunifu wa kisanaa ndani ya uhuru wa kujieleza, na mipaka yake iko, uchochezi na chuki haviruhusiwi, na mipaka hiyo ni sawa. Lakini silaha yako ni Jedwali la Nne, sehemu ya pili, namba 4. Hapo kazi za kaunti zimeorodheshwa kwa pumzi moja: kamari na kasino, leseni za pombe, sinema, maktaba, makumbusho, michezo na shughuli za utamaduni pamoja na majengo yake, bustani. Yaani holi yenu iko kwa sentensi moja na leseni za baa. Uliza kwa heshima, kaunti imekusanya kiasi gani kwa leseni za pombe kwa hii wodi mwaka huu, na imetumia kiasi gani kwa hayo mengine ya namba 4? Usikisie jibu, waache watafute, na ombeni liandikwe kwa kumbukumbu za mkutano.

Halafu kalenda. Watu wengi wanaenda mkutano wa mwisho ambapo pesa zishagawanywa zamani. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, ile karatasi ya mikakati ya fedha inayoweka viwango vya kila idara inafika kufikia 28 Februari, makadirio yenyewe 30 Aprili. Ukija Mei unachelewa. Shika huo wa Februari, mikutano ya maoni huwa kabla ya hapo. Na msiombe jengo jipya. Ombeni kufuli itoke, saruji ihamishwe, stima irudishwe, na ratiba ya wazi iliyobandikwa mlangoni yenye jioni mbili kwa mwezi za maigizo na mashairi bila malipo, kwa kikundi chochote, hata kile msichokipenda. Hiyo ya mwisho ni lazima, mkijipendelea nyinyi mmekuwa mheshimiwa mdogo.

Mkikubaliwa jihadharini na mwaliko ambao mara nyingi hufuata, wa kuja kumtumbuiza mtu. Sikatazi, njaa naijua. Lakini mwaka wa 2002 sote tuliona Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, wimbo wa vijana wawili kujipa moyo, ukachukuliwa na kampeni ya muungano wa Narc mpaka ukawa sauti ya uchaguzi mzima, na ulikuwa wakati mzuri, mimi nililia kwa furaha Desemba hiyo. Wimbo ukishapanda gari la kampeni mwenye gari ndiye anajua unashukia wapi.

Uliniuliza pia kama muigize kwa Kiswahili ama Sheng ama lugha za nyumbani. Igizeni vile watu wa mtaa wenu wanaongea wakiwa na hasira. Nakuru ni Kiswahili, na bibi kizee wa mchezo akitaka kulia kwa lugha yake, Kigikuyu, Kikalenjin, Kiluhya, Dholuo, Kikisii, muache alie, watazamaji watajua.

Kwa mkutano wenyewe msipeleke wote kumi na wanne wasimame nyuma. Mmoja asome karatasi, dakika mbili. Halafu ombeni dakika tano na muigize huo usiku, mama, bodaboda, tope, mlango wa zahanati, na msimamishe pale mlango haufunguki. Mtafuteni huyo mama kwanza, muulizeni ilikuwaje, na kama hataki isimuliwe iacheni mtafute nyingine, yake ni yake. Akikubali mpeni kiti cha mbele. Mkishasimamisha mchezo msiseme kitu, mgeukieni mheshimiwa na watu wote muulize nani anataka kuchukua nafasi ya bwana wa huyo mama hapo mlangoni ajaribu.

Mimi nitakuwa Njoro wiki ya mwisho ya Januari kwa kazi ya mitihani. Kama mtakuwa mnafanya mazoezi siku hizo, hata kama ni chini ya mti nje ya hiyo holi, nitumie saa na mahali nitakuja nikae nisikize.